Shimo Nililolichagua

Mashamba yalikuwa mawili, nami nikachagua lenye shimo.

Mjomba, kaka yake marehemu mama, alinionyesha yote mawili asubuhi moja mwishoni mwa kiangazi, huku kwetu juu ya Matombo. La kwanza lilikuwa bondeni, kando ya kijito: udongo mweusi, migomba michache iliyojiotea, ardhi tambarare ambayo ungeweza kumlaza mtoto mchanga bila kuogopa atabiringika. La pili lilikuwa mlimani, mteremko wa aina ile ambayo ukiangusha chungwa unalifuata nyumbani kwa mtu. Katikati yake, pale mteremko ulipopumzika kidogo, palikuwa na shimo la mviringo, pana kama ua wa nyumba. Kina chake kilinifika kiunoni, na kingo zake zilikuwa zimeinuka kidogo kuzunguka pande zote.

Mtu mwingine yeyote angemshukuru mjomba na kushuka bondeni. Mimi nililizunguka shimo. Nikaingia ndani, nikatoka, nikaingia tena.

Upande wetu ardhi hufuata ukoo wa mama. Mwanamume anayetaka pa kulima humwendea mjomba wake, na siku ya kugawiwa lazima awepo mtu wa ukoo wa watani. Mtani ndiye shahidi mzuri kuliko wote: anaruhusiwa kukuambia lolote, na wewe huruhusiwi kukasirika. Shahidi wangu alikuwa mama mmoja wa makamo ambaye shamba lake lilikuwa juu tu ya lile la shimo, mteremko huohuo. Nilipomwamkia alikuwa ameshaketi juu ya kingo, kanga ameifunga kiunoni kama mtu aliyekuja kuangalia mpira.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba, mzururaji. Nani kakuonyesha njia ya nyumbani?"

Mjomba hakutaka maneno mengi. "Sikia, mpwa wangu. Ukishapiga jembe umeshasema, hakuna kubadilisha. Masika ikiisha nitapanda huku mimi na mtani wako. Tukikuta kitu chako kimeota, shamba ni lako mpaka siku tutakayokuzika. Tukikuta majani, shamba linarudi kwa ukoo, na wewe unarudi stendi ya Msamvu kwenye mizigo ya watu. Sasa chagua."

Nikapiga jembe pembeni ya shimo. Mtani wangu alicheka mpaka akalala chali.

Inabidi nieleze kwa nini nilifanya hivyo, maana wapo ndugu ambao mpaka leo wanaamini nililogwa.

Shule niliacha darasa la sita. Si kwa ujinga wala kwa kukosa ada. Lori lilikuwa limesimama nje ya uwanja, injini inaunguruma, na dereva alikuwa anatafuta mtu wa kumsaidia kushusha magunia mbele ya safari. Tangu siku hiyo nimeshusha mchele Ifakara, nimevuta nyavu Kilombero, nimepiga tofali Bigwa, nimekaa kila mahali kwa muda wa kutosha kujua duka la mkopo na kuondoka kabla halijanijua mimi. Mwaka mmoja nilikuwa kuli wa lori la kahawa kule Mbozi, na tukapita kukiona kimondo, lile jiwe kubwa la chuma lililoanguka kutoka angani. Wenzangu walipiga picha. Mimi nilizunguka nikitafuta shimo. Jiwe zito namna ile, limetoka juu namna ile, na limekaa pale juu ya ardhi kama ng'ombe aliyepumzika!

"Shimo lake liko wapi?" nilimuuliza dereva.

"Limeenda kunywa chai," akasema, akawasha gari.

Swali likabaki kichwani kwangu kwa miaka. Halafu siku moja Msamvu, kwenye mitumba, nikakuta darubini iliyopasuka jicho moja. Jioni, kazi ikipungua, nilisimama nyuma ya mabasi nikautazama mwezi kwa jicho zima lililobaki. Nilishtuka. Ule uso tunaousifia kwenye harusi umejaa mashimo. Makubwa, madogo, shimo juu ya shimo, kama barabara yetu ya kupanda Matombo baada ya mvua. Nikafungua simu kutafuta maelezo. Nikasoma kwamba mashimo yale yamepigwa na mawe ya angani, na kwamba Dunia nayo imepigwa na mawe yaleyale. Tena Dunia ni kubwa na inavuta zaidi, kwa hiyo imepigwa mengi zaidi. Mstari uliofuata ulianza kuuliza kwa nini basi hatuyaoni, na hapohapo bando likaisha.

Mtu mwenye busara angenunua bando jingine. Mimi nilijijibu mwenyewe: mashimo yapo, ila watu hawaangalii chini.

Kwa hiyo mjomba aliponipeleka mlimani na nikaona mviringo ule, kingo zile zilizoinuka, sikuona shamba. Niliona shimo la kimondo. Na nilipochakura majani ndani yake nikakuta jiwe, kubwa kiasi cha kichwa cha mbuzi, zito, jeusi upande mmoja kama kitu kilichoungua. Kama ungekuwa wewe ungesemaje?

Nilijenga kibanda pembeni. Shimo nikaling'oa majani kwa mkono, nikalizungushia uzio wa fito, na sikupanda kitu ndani yake. Kama ningelipanda lingeharibika, na ushahidi ungepotea. Kandokando nilipanda mahindi kidogo wakati wa vuli. Ngedere waliyaonja, wakawaita na jamaa zao.

Habari zikashuka kijijini. Kwenye baraza la kahawa mzee mmoja aliniuliza kwa upole mkubwa kama mbingu ina ugomvi na ukoo wetu peke yake, maana mashamba yao hawajaangushiwa hata kokoto. Akina mama waliorudi kutoka jumuiya walipita kunitazama kama mgonjwa. Lakini aliyenichosha hasa alikuwa mtani. Kila asubuhi, akielekea shambani kwake, alisimama kwenye njia na kupaza sauti:

"Hodi huko mwezini! Mmeamkaje?"

"Salama, mtani. Karibu."

"Sikaribii. Naambiwa huko hakuna hewa."

Niliwahi kumwambia hivyo, kosa langu. Alikuwa ameniuliza mwezini kukoje, nami nikamweleza nilivyosoma: hakuna hewa ya kuvuta, hakuna upepo, hakuna mvua, hakuna hata jani moja.

"Hakuna mvua?" alisema. "Basi hakuna magugu."

"Hakuna."

"Wanaume wa ukoo wenu wote wahamie huko. Mtapendeza sana."

Alasiri moja mwezi wa nusu ulikuwa umeshatokea, mweupe, jua bado halijazama. Nikampa darubini. Alitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kisha akaishusha.

"Masikini," akasema. "Amemkosea nani, mpaka akapigwa mawe hivi?"

"Hajamkosea mtu. Sisi pia tumepigwa. Mawe hayohayo."

"Yetu yako wapi?"

"Hili hapa."

"Moja?"

"Mengine hayajatafutwa."

Akaliangalia shimo langu, akaniangalia mimi, akaangalia shamba lake juu, maharage yakianza kuchomoza kwenye mteremko. "Mtani," akasema, na safari hii sauti haikuwa na mzaha mwingi, "masika inakuja. Hata mimi kule juu mwaka huu sijachimba matuta, mwenzangu wa kunisaidia sina. Wewe una nguvu na huna kazi. Acha kulinda tundu, uchimbe matuta, upande kitu. Mjomba wako akisema anarudisha shamba, anarudisha kweli."

Nilimwambia nitachimba. Niliamini hivyo nilipokuwa nasema.

Masika ikaingia. Milima yetu haijui manyunyu. Mawingu yanatoka upande wa bahari, yanagonga kilele, yanajimwaga yalipo. Niliketi kibandani nikasikiliza maji yakipita pembeni na chini na, kwa dakika chache zisizofurahisha, katikati. Kulipopambazuka nikatoka nje na kusimama.

Shimo halikuwepo.

Nasema halikuwepo. Palikuwa na tope jekundu, bapa, laini, lililojaa mpaka kwenye ncha za fito zangu za uzio. Kingo zilikuwa zimechukuliwa na maji. Katikati ya tope ilisimama miche ya maharage, wima, imepangika kwa mstari, kama imehamishwa kwa mkono. Ilikuwa ya mtani. Shamba lake la juu lilikuwa limeteremka kunitembelea. Alama niliyowaambia watu kwamba imekaa hapo tangu Dunia ikiwa changa ilikuwa imefutwa kabla sijachemsha chai.

Nilishuka mpaka barabarani, mahali penye mtandao, nikanunua bando, na nikasoma ule mstari uliokatika pamoja na yote yaliyoufuata. Nilisoma nimesimama chini ya upenu wa duka la viungo, harufu ya mdalasini puani, maji yakitiririka barabarani mbele ya miguu yangu.

Mwezi haukupigwa zaidi yetu. Tofauti ni kwamba Dunia inanawa uso na mwezi haunawi. Kwanza hewa yetu huyaunguza mawe madogo yakiwa bado juu. Ule mstari wa moto tunaouona angani ni jiwe linalokwisha. Makubwa hupenya na kupiga. Lakini likishachimbika shimo hapa kwetu, mvua inaanza kulishughulikia siku hiyohiyo. Upepo unaleta vumbi, mizizi inapasua kingo, mito inabeba, bahari imefunika sehemu kubwa kuliko nchi kavu. Na ardhi yenyewe haikai kimya: inasukumana, inakunjamana, inazama upande mmoja na kuinuka mwingine, na milima ya moto inamwaga mawe mapya juu ya ya zamani. Mashimo machache yanayoonekana bado ni yale makubwa sana, au yaliyopigwa majuzi kwa hesabu za Dunia, au yaliyoangukia jangwani. Mwezini hakuna cha kuyafuta. Shimo hubaki kama lilivyopigwa, mpaka jiwe jingine lije kulipiga juu yake.

Nilitazama yale maji ya barabarani. Yalikuwa mekundu kama chai ya tangawizi isiyochujwa. Yalikuwa yanashuka kuelekea mtoni, na mto unaingia Ruvu, na Ruvu inakwenda mpaka baharini. Milima ya Uluguru yote ilikuwa safarini, polepole, na mimi niliyejiona msafiri nilikuwa nimeketi juu yake nikilinda tundu lisisogee. Nilicheka peke yangu mpaka mwenye duka akaniuliza kama nataka kununua au nataka kuombewa.

Kicheko kikaisha nikakumbuka la pili: masika ilikuwa imeshaingia, na shambani kwangu kitu pekee kilichoota kilikuwa maharage ya mtu mwingine.

Nililitazama tena lile tope kwa macho ya mkulima, macho ambayo nilikuwa sijayatumia. Lilikuwa limeshika maji. Lilikuwa udongo wa juu, ule mzuri, wenye samadi ya mbuzi wa mtani na majani yake yaliyooza. Nikashuka kule bondeni nilikokukataa, nikang'oa miche ya magimbi iliyojiotea kando ya kijito, nikaipandisha mgongoni, safari baada ya safari, nikaipanda nikiwa nimezama mpaka magotini. Miche ya maharage niliizunguka. Sikuthubutu kuigusa.

Magimbi hayana makuu. Kufikia mvua zilipoanza kupungua yalikuwa yamefungua majani mapana kama masikio ya tembo, kijani cha kukatisha mtu usingizi kwa furaha.

Siku mjomba alipopanda, mtani alikuwa nyuma yake na kapu kubwa kichwani. Kapu lilikuwa tupu.

"Shikamoo, mjomba. Shikamoo, mtani. Kapu la nini?"

"Marahaba. Nimekuja kuchukua udongo wangu."

Mjomba alijifanya hakusikia. Alizunguka pale palipokuwa na shimo, akapapasa majani ya magimbi, akainama akachimbua kidogo kwa kidole. Nilimtazama uso wake kama mshitakiwa anavyomtazama hakimu. Sikuwa nimewahi kutaka kubaki mahali mpaka siku ile.

"Shahidi," akasema mwishowe. "Kitu chake kimeota?"

Mtani akashusha kapu. "Tuhesabu vizuri. Maharage ni yangu, yamekuja kwa miguu yao. Udongo ni wangu, umekuja na maharage. Magimbi yametoka kijitoni, kwenye ardhi ya ukoo wenu. Mvua ni ya Mungu. Haya, mtani, nionyeshe cha kwako hapa."

"Shimo," nikasema.

"Shimo ni la bibi yako."

Nikadhani ni utani. Nikamgeukia mjomba. Alikuwa anajikuna kidevu, ameangalia pembeni, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

"Alichimba udongo wa kukandikia nyumba," mjomba akasema. "Ile nyumba ya kwanza, mama yako akiwa bado ananyonya. Tulichimba, tukamwaga maji, tukakanyaga humo watoto wote kwa kuzunguka, ndiyo maana ni mviringo. Mizizi na mawe tukatupa pembeni. Hizo ndizo kingo zako."

"Na mlijua? Muda wote huu?"

"Kijiji kizima," mtani akasema. "Tungekuambiaje, mtani? Ulikuwa unafurahi."

Nilikuwa na kitu kimoja kimebaki. Nikaingia kibandani, nikatoka na jiwe, nikaliweka mbele yao, upande mweusi juu. "Na hili? Hili limeungua. Tazameni. Limeungua likipita hewani."

Mtani alipiga magoti, akapitisha kidole juu ya ule weusi, akanionyesha. Kidole kilikuwa na masizi.

"Limeungua kwa ugali," akasema. "Hili figa. Walipikia hapahapa wakati wa kujenga."

Nilisubiri mjomba acheke. Hakucheka. Alilichukua lile jiwe, akaligeuza, akalipakata kifuani kama mtu anayepokea mtoto. Aliniambia mafiga mawili yako jikoni kwake mpaka leo, na la tatu ni tofali, maana bibi alilitafuta lile la asili akalikosa, na kila sufuria ikiinama alikuwa analitaja. "Alisema wajenzi wameliiba," akasema. "Aliwanunia mpaka anakufa."

Mtani akakifuta kidole chake kwa pindo la kanga.

Kisha mjomba akauliza tena, kwa sauti ya kazi: "Shahidi. Kimeota au hakijaota?"

Mtani alisimama, akakung'uta magoti. "Kimeota," akasema. "Nilikuwa namwona kutoka juu. Akipandisha miche kutoka bondeni kama siafu. Akizama, akijinasua, akizama. Maharage yangu kayazunguka, hakung'oa hata moja. Jasho ni lake, na jasho limeota. Apewe." Akanigeukia. "Lakini udongo wangu nautaka."

"Mtani, utaubeba vipi na kapu moja?"

"Siubebi. Uliokuja umekuja, kula nao. Nautaka ule ambao bado haujaja. Utapanda kule juu kwangu, uchimbe matuta na mitaro ya kukinga maji, toka mpaka huu hadi ule, usiteremke tena hata wa kujaza kikombe. Hiyo ndiyo bei ya ushahidi wangu. Ukikataa, mimi nimeona majani tu."

"Hiyo ni rushwa," nikasema.

"Kanishitaki."

Mjomba alikuwa ameshaanza kushuka, jiwe begani. Alisema bila kugeuka kwamba shamba ni langu na kwamba amesikia makubaliano.

Kesho yake nikapanda na jembe. Kukinga mteremko si kazi ya kuonea fahari kwa mbali: unachimba mtaro kukata mlima kwa ubavu, udongo unaurushia upande wa juu, unaushindilia, unapanda majani ya kuushika, unasogea chini, unaanza mwingine. Mtani alikaa kwenye kivuli cha mfenesi akimenya mihogo na kunirekebisha mstari. Alisema unapinda. Alisema bibi yangu alikuwa na kimo changu na alichimba mara mbili yangu akiwa na mtoto mgongoni. Nilimjibu kwamba bibi hakuwa na mtu wa kumpigia kelele.

Mvua za mwisho zilikuwa bado hazijatuaga. Zilipiga mchana mmoja tukakimbilia chini ya mfenesi, na ziliponyamaza nikaenda kukagua. Mtaro wa kwanza, ule niliojivunia, ulikuwa umejaa tope nusu. Wa pili nilikuwa sijaumaliza.

"Na mwakani utajaa tena," mtani akasema nyuma yangu, akitafuna. "Kila mwaka unauzoa. Hukuambiwa?"

Sikuwa nimeambiwa. Nikavua viatu, nikaingia mtaroni, nikaanza kuuzoa.